Sweta ya Binti: Anzia Mabegani, Shuka Chini

Mtu wa Dar es Salaam akisikia unafuma sweta Kigoma, kwanza atacheka. Mwache acheke. Uso wa Ziwa Tanganyika wenyewe uko mita 770 na ushei juu ya usawa wa bahari, na mji umepanda vilima vilivyo juu yake. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusini unavuma ziwani, na alfajiri utawakuta watoto wa Gungu na Buzebazeba wakienda shule mikono wameikumbatia kifuani. Mpeleke mtoto kwa bibi yake Kasulu au Manyovu, kule milimani, na ubishi wote utakwisha usiku wa kwanza. Aliyewahi kulala karibu na dirisha la treni ya Reli ya Kati, behewa linakata nyika ya Tabora usiku wa manane, hahitaji kuelezwa.

Ila baridi yetu ni ya saa chache. Saa nne asubuhi jua limeshashika, na mtoto aliyevalishwa sweta nzito ya kuingizia kichwani anaanza kuhangaika nayo darasani. Kama kasukwa nywele jana yake, au kajifunga mtandio wa madrasa, kuivua inakuwa kazi ya mtu mzima. Ndiyo maana nashauri sweta nyepesi, iliyo wazi mbele, yenye vifungo ambavyo vidole vya mtoto wa miaka mitano vinaviweza. Na kwa kuwa mtoto huyo hatabaki wa miaka mitano, tutaifuma kuanzia mabegani kushuka chini, ili mwakani ufungue ukingo wa chini na kuiongeza urefu bila kugusa sehemu nyingine.

Haina maua, haina misuko ya katikati, haina rangi sita. Najua wapo wanaoona kwamba sweta ya msichana bila ua la pinki kifuani haijakamilika. Mimi naona kinachoipendeza sweta ni bega kukaa mahali pake, mkono kuishia kwenye kifundo, na ukingo wa vifungo kushuka wima bila kujikunja. Hayo yote ni vipimo.

Kama umezoea kufuma vitambaa vya makochi kwa kroshia, mikono yako imeshapita nusu ya njia. Kilichobaki ni kuizoesha sindano mbili. Na asikudanganye mtu kwamba hii ni kazi ya akina mama tu. Nenda mwaloni Kibirizi au Katonga mchana, uwaangalie wavuvi wanavyoziba nyavu za dagaa: kila jicho sawa na mwenzake, uzi haukazwi wala haulegezwi. Baba mwenye mkono huo atakuzidi kwa unyoofu wa mistari. Miezi ya kupumzisha ziwa, uvuvi unaposimamishwa, kama ile ya Mei hadi Agosti 2024, inaangukia hasa kwenye baridi. Kwake ni nafasi nzuri ya kujifunza.

Uzi, na mtumba unaofumuka

Kwa mtoto wa miaka minne hadi mitano utahitaji gramu 250 hivi za uzi wa unene wa kati. Nunua 300 ili ubaki na akiba. Nunua zote siku moja. Kila bunda lina karatasi yenye namba ya rangi na namba ya mkupuo wa kiwandani. Hakikisha zinafanana, maana bluu ya mkupuo huu na bluu ya ule zinaweza kulingana chini ya taa ya dukani zikatofautiana juani.

Uzi mwingi wa madukani ni wa akriliki. Usiudharau. Ni mwepesi, unavumilia kufuliwa kila wiki, na haumwashi mtoto. Pamba ni nzuri kwa joto letu, lakini ikilowa ni nzito, na sweta ya pamba hurefuka kila ifuliwapo. Sufu halisi ndiyo yenye joto kuliko zote, nayo utaipata kwa urahisi zaidi sokoni kwenye mitumba kuliko dukani.

Sweta kuukuu ya mtu mzima ina uzi wa kutosha kabisa kwa mtoto, na mara nyingi ni uzi bora kuliko uliopo dukani. Shida ni kwamba si kila sweta hufumuka. Kabla hujatoa hela, igeuze nje ndani uangalie mshono wa ubavuni. Ukikuta kingo zimekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa nyuzi za overloku, irudishe kwenye rundo: kile kitambaa kilifumwa kikiwa kipana kisha kikakatwa, hivyo uzi umekatika kwenye kila mstari, na utakachopata ni vipande vya urefu wa mkono. Ukikuta kila kipande kina ukingo wake mzima, vitanzi havijakatwa, na vipande vimeunganishwa kwa mshono unaofanana na mnyororo, hiyo ichukue. Iache pia sufu iliyorudi kwa kufuliwa na maji ya moto hadi ikawa nzito kama blanketi. Nyuzi zake zimeshikana na hazitaachana tena.

Ukitaka kujua ni uzi gani, choma ncha ndogo juu ya beseni la maji. Sufu inanuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalopondeka. Pamba inaungua kama karatasi. Akriliki inayeyuka na kuacha kipunje kigumu cheusi.

Fumua mishono kwanza, halafu kila kipande kianzie juu, upande wa shingo, kwa kuwa ndiko alikomalizia aliyekifuma. Uzungushie uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge mahali pane kwa vipande vya uzi visivyokaza, uloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, suuza, kisha utundike kivulini na chupa ya maji ikining'inia chini yake ili mikunjo inyooke. Ukikauka, uviringe. Usiufume ukiwa na mikunjo yake ya zamani, kwa sababu vipimo vyote vitakudanganya.

Kuhusu rangi nitasema moja: vumbi letu ni jekundu na mboga zetu nyingi zina mawese. Nyeupe waachie wapiga picha. Rangi ya haradali, kijani kilichokolea, zambarau au bluu ya jioni zinamkaa mtoto vizuri na zinasamehe.

Sindano ni za milimita 4. Spoku ya baiskeli iliyonolewa, ambayo wengi tuliona wakubwa wakifumia, ina milimita 2 tu. Inafaa soksi za mtoto mchanga, kwa sweta hii itakupa kitambaa kigumu kama jamvi. Ukikosa za dukani, chonga mianzi: sindano mbili zikilala ubavu kwa ubavu juu ya rula zijaze milimita 8. Zisugue kwa msasa laini hadi uzi uteleze bila kukwama, kisha zipake nta ya mshumaa. Urefu usipungue sentimita 35, na nyuma ya kila moja zungushia mpira wa bendi ili vitanzi visidondoke. Vingine ni mkasi, sindano butu ya kushonea, futi ya fundi cherehani, na pini kubwa chache.

Kipande cha kupimia

Kuna aina mbili tu za kitanzi. Cha wazi, uzi ukiwa nyuma ya kazi. Na cha kinyume, uzi ukiwa mbele. Ukifuma wazi upande wa nje na kinyume upande wa ndani, unapata kitambaa laini, ambacho ndicho mwili wa sweta. Ukifuma wazi pande zote mbili, unapata matuta, na hayo tutayatumia kwenye kingo zote kwa sababu hayajikunji.

Anzisha vitanzi 28, fuma kitambaa laini mpaka kiwe kama mraba, funga, kifue, kikaushe. Kisha pima katikati yake, mbali na kingo: sentimita 10 kwenda upande ziwe na vitanzi 20, na sentimita 10 kwenda juu ziwe na mistari 28. Ukipata vitanzi 22, unakaza. Chukua sindano nene kidogo. Ukipata 18, unalegeza, chukua nyembamba. Usijilazimishe kubadili mkono wako, maana baada ya nusu saa mkono utarudi ulikozoea.

Wengi wanaruka hatua hii. Tofauti ya vitanzi viwili kwa kila sentimita 10 inaonekana ndogo, lakini kwenye sweta ya duara la sentimita 64 inakula karibu sentimita 6, yaani ile nafasi yote ya mtoto kupumua.

Mpime sasa mwenyewe. Hesabu ninazotoa ni za mtoto mwenye kifua cha sentimita 58. Tunaongeza 6 za nafasi, inakuwa 64, na kwa vitanzi 2 kwa kila sentimita hesabu haikusumbui. Wako akiwa na kifua cha 62, ongeza vitanzi 4 nyuma na 2 kwa kila upande wa mbele, uviweke vyote kwenye mabega. Akiwa na 54, punguza vivyo hivyo.

Mgongo na mbele

Anzisha vitanzi 64. Huo ndio mstari wa mabega na shingo ya nyuma kwa pamoja: 20 za bega, 24 za shingo, 20 za bega jingine. Anzisha kwa mkono thabiti, usiokaza wala kulegea, kwa sababu ukingo huu ndio utakaobeba uzito wa sweta nzima na kuzuia mabega yasitanuke. Fuma kitambaa laini mistari 40, ambayo ni sentimita 14 na kidogo. Mstari wa 40 uwe wa upande wa ndani. Hamishia vitanzi vyote kwenye uzi wa rangi nyingine, funga ncha zake, viache visubiri.

Geuza sasa kipande chako ili ule ukingo ulioanzia uwe juu na upande wa nje ukutazame. Okota vitanzi 20 kwenye bega moja, kimoja kwa kila kitanzi cha mwanzo, ukianzia au kuishia ukingoni kabisa. Huo uhesabu ni mstari wa 1. Fuma laini hadi mstari wa 4. Kuanzia mstari wa 5 ongeza kitanzi kimoja upande wa shingo kwa kila mstari wa nje: wa 5, 7, 9, 11 na 13. Umepata 25. Hapo shingo imeshapinda vizuri. Iliyobaki ni kuifunga mbele. Ukifika mwisho wa mstari unaoishia shingoni, ongeza vitanzi vipya 10 kwa mkupuo. Kwa upande mmoja wa mbele hii itakuwa mwishoni mwa mstari wa 14, kwa mwingine mwishoni mwa wa 15. Tofauti hiyo ya mstari mmoja haionekani.

Una vitanzi 35. Kuanzia hapa, vitanzi 6 vya ukingoni, upande wa kifua, vifume wazi kila mstari, nje na ndani. Hivyo ndivyo ukingo wa vifungo. Endelea hadi mstari wa 40, kisha visubirishe, na ufume upande wa pili ukiupindua kama kioo.

Kuna jambo hapa ambalo michoro mingi haisemi. Matuta hukaa mafupi kuliko kitambaa laini: mistari 28 ya laini ni sentimita 10, ila ya matuta haifiki. Ukifuma tu bila kujali, ukingo wa vifungo utavuta sweta juu na mbele kutapinda. Dawa yake ni hii: kila baada ya mistari 10, unapoanza mstari kwenye ukingo wa vifungo, fuma vile vitanzi 6 peke yake, geuza, virudie, geuza tena, halafu ndiyo uendelee na mstari mzima. Kila ukingo upate nyongeza yake, mmoja ukianza mstari wa nje na mwingine ukianza wa ndani. Kitobo kidogo kinachobaki pale ulipogeukia kitapotea kwenye ufuaji wa kwanza.

Matundu ya vifungo utayatoboa kadiri unavyoshuka, usisubiri mwisho. Kwa desturi ya nguo za kike, matundu yako upande wa kulia wa mvaaji. Weka kazi kifuani kwako uhakikishe kabla ya kutoboa, maana ni rahisi kuchanganya ukiwa umeishika kichwa chini. Tundu ni hivi: katika vile 6, fuma viwili, unganisha viwili kuwa kimoja, zungusha uzi mara moja juu ya sindano, fuma viwili. Mstari unaofuata ule mzunguko ufume kama kitanzi cha kawaida. Tundu la kwanza liwe mstari wa 16 tangu ulipoongeza vile vitanzi 10, na mengine kila baada ya mistari 16, yawe matano. Hesabu mistari ya kitambaa laini, si ya ukingo. La sita litakuwa shingoni.

Kuunganisha mwili

Vipande vitatu sasa vinaning'inia kutoka kwenye mabega. Upande wa nje ukikutazama, anza na kile cha mbele ambacho ukingo wake wa vifungo uko mwanzoni mwa mstari: fuma 35, endelea moja kwa moja na 64 za mgongo, malizia na 35 za upande mwingine. Jumla ni 134. Sita kati ya hizo zitalaliana mbele wakati wa kufunga, na zinabaki 128, yaani sentimita 64. Kwenye sindano ya sentimita 35 vitanzi vitabanana kama abiria wa daladala ya Mwanga, ila vitaenea. Pale kwapani vuta uzi kidogo zaidi kwenye mistari miwili ya kwanza, na tundu lolote litakalobaki utaliziba kwa sindano butu mwishoni.

Shuka sentimita 19. Sehemu hii haina fumbo, fuma huku unasikiliza redio. Kisha fuma vitanzi vyote wazi, nje na ndani, kwa sentimita 3 za matuta, na ufunge. Usikaze unapofunga, ukingo wa chini uliokazwa hufanya sweta ijikusanye tumboni.

Kabla ya mikono, mvalishe mtoto. Hapa ndipo kufuma kwa kushuka kunapokulipa. Utaona bega linaishia wapi, na utapima kutoka pale hadi kwenye kifundo cha mkono, mkono ukiwa umekunjwa kidogo. Bega la sweta hii linateremka kidogo kupita bega la mtoto, kwa hiyo mkono wake utakuwa mfupi kuliko unavyodhani.

Mikono

Anzia kwapani, upande wa nje, uokote vitanzi 56 kuzunguka hadi kwapani tena: una kingo za mistari 80, hivyo okota 7 kwa kila mistari 10. Usiokote kwa kila mstari. Ukifanya hivyo mkono utafura begani kama puto.

Fuma laini. Kila mstari wa 8 punguza vitanzi viwili, kimoja baada ya kitanzi cha kwanza na kimoja kabla ya cha mwisho, mara 10. Utabaki na 36. Mpaka hapo umefuma sentimita 28 na nusu hivi. Linganisha na kile kipimo ulichochukua juu ya mwili wa mtoto, ubakize 3 za matuta ya kifundoni. Mtoto wako akiwa na mkono mfupi, punguza kila mstari wa 7. Akiwa na mrefu, malizia kupunguza kisha ongeza mistari mitupu. Ukitaka kumtangulia mtoto, fuma matuta sentimita 6 uyakunje nje: yana sura moja pande zote, kwa hiyo hakuna atakayejua kwamba ni akiba.

Shona mkono kuanzia kifundoni kwenda kwapani kwa uzi uleule, ukichukua nusu ya kitanzi kila upande. Mishono ya sweta nzima ni hiyo miwili.

Shingo, vifungo na kunyoosha

Shingoni okota vitanzi 64: 10 vya mbele, 10 vya mteremko, 24 vya nyuma, 10, na 10. Fuma wazi mistari mitano, na katika wa tatu toboa tundu la sita, likae kwenye msimamo mmoja na wenzake. Funga kwa mkono wa wastani. Kwa kuwa sweta hii haipiti kichwani, shingo haihitaji kutanuka. Shingo iliyolegea ndiyo inayoifanya sweta nzuri ionekane ya kuazima. Ukiijaribu ukaona inasimama mbali na shingo ya mtoto, fumua hiyo mistari mitano tu, uifume tena, na katika wa pili uunganishe vitanzi viwili viwili mara nne, karibu na mabega.

Vifungo viwe vya milimita 11 hadi 13. Vya shati la baba lililochakaa vinaingia bila shida, na vikiwa vyeupe juu ya uzi wa haradali au zambarau vinapendeza kuliko vile vya plastiki vya umbo la kipepeo. Beba sweta dukani uvijaribu. Picha ya kichwani huwa inakosea ukubwa. Shona kila kimoja kwa uzi wa cherehani uliokunjwa mara mbili, na nyuma yake weka kipande kidogo cha kitambaa ili kisitoboe matuta. Kama kuna mtoto mdogo nyumbani anayeweka kila kitu mdomoni, vuta kila kifungo kwa nguvu kabla hujaikabidhi.

Ficha ncha zote za uzi kwa ndani, sentimita 5 kila moja, ukipita kwenye matuta. Halafu loweka sweta kwenye maji ya vuguvugu, ikamue kwa kuikandamiza ndani ya taulo bila kuisokota, uitandaze juu ya mkeka kivulini. Hapo, ikiwa na unyevu, ndipo unapoipa umbo: vuta ukingo wa vifungo uwe wima, linganisha mikono, bana shingo. Iache ikauke yenyewe. Pasi ya mkaa iweke mbali. Akriliki ikiguswa na pasi ya moto inalala na kung'aa, na hairudi.

Kufua

Sabuni kali za mche, zile tunazotengeneza wenyewe kwa mawese zikiwemo, ni nzuri kwa kanga na mashuka, sufu zinaiumiza. Tumia sabuni ya maji au ya unga kidogo, maji yasiwe ya moto, na usisugue. Usiianike kwa kuitundika kwenye kamba, kwani maji yataivuta chini hadi iwe gauni.

Doa la mawese litakuja tu, iwe kwenye migebuka ya mchana au maharage ya jioni. Likwangue kwanza kwa kijiko, lipake sabuni ya vyombo bila maji, liache robo saa, kisha fua. Mafuta yataondoka na ile rangi ya chungwa itabaki. Usihangaike nayo kwa jiki. Itandaze sweta juani ikiwa bado mbichi, doa likitazama juu: rangi ya mawese haivumilii jua, na ndani ya siku chache itakuwa imefifia. Hii ndiyo mara pekee ninapokushauri kuiweka juani, na ukimaliza irudi kivulini.

Mwaka unaofuata

Gramu 50 zilizobaki zifunge kama fundo lisilokaza, uzifue pamoja na sweta kila mara inapofuliwa. Uzi uliofichwa kabatini hubaki mpya wakati sweta inapauka, na siku ya kuongeza utaona mstari wa rangi mbili.

Mikono ikianza kupanda juu ya kifundo, fumua kwanza mshono wa kifundoni, tafuta ncha uliyofungia, fumua matuta yale sentimita 3, rudisha vitanzi 36 kwenye sindano, ongeza kitambaa laini kadiri inavyotakiwa, kisha fuma matuta upya kwa uzi uleule uliofumua. Chini ya mwili ni vivyo hivyo: fumua, rudisha 134, shuka. Hii haiwezekani kwa urahisi kwenye sweta iliyofumwa kutoka chini kwenda juu, maana ile haifumuki kuanzia chini kwa usafi. Ukiongeza sentimita 6 kwenye mwili, ongeza na tundu moja la kifungo.

Akiba ikiisha na duka halina tena rangi ile, usitafute inayokaribiana nayo. Chukua rangi iliyo mbali kabisa, kijivu juu ya haradali kwa mfano, uianzie pale matuta yanapoanza, kwenye mikono yote miwili na chini, ukimaliza na shingo. Gramu 50 zinatosha kwa kazi hiyo.